Kupiga Windows kompyuta 42 kwa mtandao bila kuiangusha ofisi

"Mimi ni ofisa TEHAMA pekee kwenye chama cha akiba na mikopo chenye kompyuta 42 za mezani. Tangu Windows 10 ifike mwisho wake Oktoba 2025, meneja ananisukuma nizihamishie zote Windows 11. Nimekuwa nikipita na flashi meza hadi meza, na kila mashine inanila karibu saa mbili. Nikaona video za kupiga Windows kwa mtandao, basi Ijumaa iliyopita nikageuza kompyuta moja ya zamani kuwa seva. Ndani ya nusu saa kaunta karibu zote zikakosa intaneti, wanachama wako kwenye foleni, nikaichomoa mbio. Sasa meneja amenikataza kuigusa. Fundi mmoja ananiambia bila seva ya mamilioni haiwezekani, mwingine anasema nikikosea amri moja kompyuta zote zitafutika kwa pamoja. Je, jambo hili linawezekana kwa ofisi kama yetu, au nirudi kwenye flashi?"

Pole kwa Ijumaa hiyo, ndugu yangu. Nalijua jasho la kusimama mbele ya foleni huku kila kaunta inakulalamikia wewe, na najua inavyouma kukatazwa kitu ulichokuwa umekaribia kukifanikisha. Linawezekana, tena ofisi ya ukubwa wenu ndipo linapoanza kulipa. Ila kabla hujaomba ruhusa upya, elewa vizuri mambo mawili: nani anajibu kompyuta inapoomba anwani, na nani ana ruhusa ya kufuta diski. Balaa zote nilizoziona kwenye kazi hii zilitoka kwenye moja ya hayo mawili.

La seva ya mamilioni liweke kando kabisa. Kwa kompyuta 42 unahitaji mashine ya kawaida yenye RAM ya GB 8, SSD yenye nafasi ya kutosha, na kadi ya mtandao ya gigabiti. Hiyo uliyoitumia Ijumaa huenda inatosha. Haikuangusha mtandao kwa unyonge wake.

Nikueleze kilichotokea. Kompyuta inayowashwa bila mfumo endeshi haijui chochote kuhusu ofisi yenu. Haijui anwani yake, wala haijui seva iko wapi. Lakini ndani ya kadi yake ya mtandao kuna programu ndogo iitwayo PXE, ambayo Intel waliitolea kanuni mwishoni mwa miaka ya 1990 na leo imo karibu kwenye kila kompyuta ya ofisini. Ukiiagiza ianze kwa mtandao, inapiga hodi kwenye milango yote kwa mpigo: mimi mgeni, nani ananipa anwani, na faili la kuanzia nalipata wapi? Anayeitikia hodi hiyo ni huduma ya DHCP. Kwenye ofisi nyingi huduma hiyo inakaa ndani ya ruta, na ni hiyo hiyo inayozipa anwani kompyuta za kaunta, printa na simu za bosi.

Wewe ulileta DHCP ya pili. Kwenye mtandao mmoja hakuna DHCP yenye cheo kuliko nyenzake. Kompyuta inakubali jibu lililotangulia kufika. Mashine yako iko jirani na swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, na haina kazi nyingine, kwa hiyo mara nyingi iliiwahi ruta. Ikagawa anwani zinazoonekana halali kabisa, ila zikiwa na lango lisilotoka kwenda popote. Ndiyo maana taa za swichi zilikuwa zinawaka, waya zimechomekwa, na bado hakuna kinachofunguka. Hata ile nusu saa yako inaendana na maelezo haya. Kompyuta zilizokuwa tayari na anwani ziliendelea kufanya kazi, zikawa zinaanguka moja moja kila iliyozimwa na kuwashwa upya. Ukitaka kuhakikisha, tafuta mashine ambayo bado inasumbua, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, kisha soma mstari wa DHCP Server. Ukikuta hapo anwani ya seva yako badala ya ya ruta, basi huo ndio ugonjwa. Dawa ya mashine hiyo ni ipconfig /release, halafu ipconfig /renew.

Kulizuia lisirudi kuna njia mbili, na zote ninazitumia. Ya kwanza ni kuiweka seva yako iwe msaidizi wa ruta badala ya mpinzani wake. Kama unatumia programu ya dnsmasq kwenye Linux, mstari wenyewe ni huu:

dhcp-range=192.168.1.0,proxy

Namba badilisha kulingana na mtandao wenu. Neno la mwisho hapo ndilo lililokosekana Ijumaa. Likiwepo, seva haigawi anwani hata moja. Ruta inagawa kama siku zote, na seva yako inaongeza jibu moja dogo kwa yule tu aliyebisha kwa PXE: ukishapata anwani, faili la kuanzia njoo uchukue kwangu. Kompyuta ya kaunta inayoanza kwa diski yake haitajua hata kama seva hiyo ipo.

Njia ya pili ni ya kizamani, na kwa mtu aliyeshakatazwa na meneja ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Tafuta swichi ya gigabiti ya matundu manane, iweke kwenye chumba cha mikutano, chomeka seva yako na kompyuta tano au sita unazotaka kuzifungia Windows, na usiunganishe waya wowote kwenda kwenye mtandao wa ofisi. Humo ndani DHCP yako ndiyo pekee, gawa anwani unavyotaka, haiwezi kumfikia mwanachama yeyote kwenye kaunta. Utabeba mashine huku na huko, kweli, na mgongo utauma. Lakini utamwambia meneja kwa moyo mweupe kwamba kisichounganishwa hakiwezi kuangusha kitu, na hapo hata asiye fundi anaelewa.

Sasa hofu ya pili, ya kufuta kompyuta zote. Fundi wako amekuza jambo, lakini hakulitunga. Seva ya namna hii haina mkono wa kuifikia kompyuta inayofanya kazi na kuifuta. Ni lazima kompyuta yenyewe iwashwe, ianze kwa mtandao, ipige hodi, na ipewe maagizo ya kufuta. Hatari inaingia pale hatua hizo zote zinapoachwa zijiendeshe bila mtu.

Najua hivyo kwa sababu nilishafanya. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga mfumo huu kwenye ofisi moja, nikaziweka kompyuta zote zianze kwa mtandao kabla ya diski, kwa kuwa ilinipunguzia kazi. Menyu ya seva ikawa na chaguo moja lililokwisha kuwekwa tayari: subiri sekunde kumi, kisha funga upya. Kazi ikaisha vizuri, na seva nikaiacha inawaka. Wiki mbili baadaye umeme ukakatika usiku, ukarudi alfajiri. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa imewekwa ijiwashe umeme unaporudi. Ikaamka, ikapiga hodi, seva ikaitikia. Mhasibu alipoingia saa mbili asubuhi alikuta skrini safi inamuuliza achague lugha. Chelezo, yaani nakala ya akiba, la wiki iliyotangulia lilituokoa, ila siku nne za kazi yake hazikurudi. Siku ile hakuna aliyekosea amri. Mashine ilitii nilichoiagiza.

Tangu hapo sifungi bila mambo haya. Menyu ya seva isipoguswa, irudishe kompyuta kwenye diski yake. Chaguo la kufunga upya lidai nywila. Kompyuta zianze kwa diski daima, na siku ya kufunga mtu abonyeze mwenyewe kitufe cha menyu ya kuanzia, ambacho kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12 na kwenye HP nyingi ni F9. Na kazi ikiisha, seva izimwe. Hilo la mwisho halina ufundi wowote, na ndilo ninaloliamini kuliko yote.

Tukija kwenye kufunga kwenyewe, kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya imeji: unaiandaa kompyuta moja vizuri, programu zote na printa, kisha unachukua picha ya diski nzima na kuimwaga kwenye nyingine. Programu ya FOG inafanya hivi bila malipo, inakaa kwenye Linux, na inaweza kuipa kila kompyuta jina lake kwa kuitambua kwa namba ya kadi yake ya mtandao. Sharti lake ni kwamba kabla ya kuchukua picha uendeshe sysprep /generalize /oobe /shutdown, na usiiwashe tena mashine hiyo mpaka picha iwe imechukuliwa. Amri hiyo inavua utambulisho wa kompyuta ya kwanza. Ukiiruka, utakuwa na mashine 42 zinazojiona ni moja, na Windows Update na mifumo ya usimamizi itaanza kukupa majibu ya ajabu miezi miwili baadaye, wakati umeshasahau ulifanya nini.

Nyingine ni ya faili la majibu. Hapa hunakili kompyuta ya mtu. Unatumia Windows safi kutoka Microsoft, na faili liitwalo autounattend.xml linajibu maswali yote ambayo wewe ungekaa unabonyeza: lugha, majira ya saa, jina la mtumiaji, diski igawanywe vipi. Ndani yake utakutana na mstari wa WillWipeDisk wenye neno true, chini ya DiskID namba 0. Usome mara tatu. Maana yake ni kwamba diski ya kwanza inafutwa bila kuulizwa mtu. Kwenye kompyuta yenye diski mbili, tuseme SSD mpya na diski ya zamani yenye kumbukumbu, usidhani namba 0 ni ile unayoifikiria. Mimi huichomoa kabisa ile nisiyotaka iguswe. Na nywila ya msimamizi unayoiandika kwenye faili hilo, hata ikionekana kama herufi zilizovurugwa, haijafichwa. Imegeuzwa tu na yeyote anaweza kuirudisha. Weka ya muda, ibadilishe baada ya kufunga.

Nichague lipi kwako? Kama kompyuta zenu nyingi ni za aina moja, imeji ni ya haraka mno. Kama zilinunuliwa kwa mafungu, tatu za huku na tano za kule, ninapendelea faili la majibu, kwa sababu Windows safi inazitafutia draiva zake (programu ndogo za kuendesha vifaa) yenyewe, na toleo jipya likitoka unabadilisha chanzo tu badala ya kuandaa imeji upya.

Na hapa nina ushauri ambao video nyingi zinauruka: anza na faili la majibu kwenye flashi ile ile uliyonayo. Liweke kwenye mzizi wa flashi, yaani nje ya folda zote, jaribu kwenye kompyuta moja isiyo na kitu, rekebisha mpaka iende kutoka mwanzo hadi skrini ya kazi ya Windows bila kubonyeza chochote. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya zile saa mbili ilikuwa wewe kukaa unangoja kubonyeza Next. Ukishafika hapo, ukiwa na flashi nne unaweza kumaliza ofisi kwa Jumamosi chache bila kugusa mtandao kabisa, na sitakulaumu ukiishia hapo. Anayetaka kuendelea, mtandao unakuja tu kuchukua nafasi ya flashi: programu ya iPXE, ndugu wa PXE mwenye uwezo zaidi, inapakia mazingira madogo ya Windows kwa HTTP, njia ile ile ya kurasa za wavuti, mazingira hayo yanafungua folda ya pamoja kwenye seva, kisha yanaendesha setup pamoja na faili lako la majibu. Miongozo mingi ya zamani itakuelekeza kwenye WDS, huduma ya Windows Server ya kufunga Windows kwa mtandao. Usiifuate. Microsoft wenyewe waliiondolea msaada njia ile ya kutumia boot.wim, faili la kuanzia lililomo kwenye diski ya usakinishaji, kwa Windows 11.

Upande wa kasi, piga hesabu kabla ya kuahidi tarehe. Imeji ya GB 20 kwenye swichi ya megabiti 100, ambayo inapitisha takriban MB 12 kwa sekunde, inachukua karibu dakika 28 kwa kompyuta moja. Zikiwa kumi kwa pamoja zinagawana waya ule ule wa seva, na zinakula karibu saa tano. Kwenye swichi ya gigabiti, inayopitisha kama MB 110 kwa sekunde, ile moja ni dakika tatu na hizo kumi ni nusu saa. Kwa hiyo fedha kidogo uliyonayo inunue swichi. Utasikia pia habari ya multikasti, yaani kutuma mara moja na wote wapokee. Ni nzuri kwenye swichi zilizopangwa kwa ajili yake. Kwenye swichi za kawaida inamwagwa kwenye kila tundu, hata kwa kompyuta zisizohusika, na mashine dhaifu kuliko zote inawachelewesha wenzake. Kwa mashine tano au sita kwa zamu huihitaji.

Kuna swali hukuliuliza, nalo linaweza kuharibu mpango wote: je, zote 42 zinaifaa Windows 11? Inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (programu ya kuwashia kompyuta iliyoirithi BIOS ya zamani) yenye uwezo wa Secure Boot (ukaguzi wa kinachoanzishwa), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na kwa upande wa Intel kwa ujumla ni prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Pita na daftari uandike kila moja. Ziko njia za kuilazimisha kwenye mashine zisizofaa, na nakusihi usizitumie kwenye ofisi inayotunza akiba za watu. Kompyuta ambazo kazi yake yote iko kwenye kivinjari zinaweza kuhamia Ubuntu, ambayo nayo ina usakinishaji wake wa kujiendesha. Zenye programu isiyokubali Linux, Microsoft wanauza masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa taasisi, dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei inajirudia mara mbili kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Leseni nayo: kompyuta zilizokuja na Windows huwa na ufunguo ndani ya ubaomama (motherboard), hivyo leseni ya toleo lile lile huwa inajithibitisha yenyewe. Lakini kunakili imeji moja kwenye mashine nyingi kunadai leseni ya jumla ya Microsoft. Muulize aliyewauzia kabla, na majibu yake yawe ya maandishi.

Kuhusu data, usikubali maneno ya "vitu vyangu vyote viko kwenye mfumo". Mtu hukumbuka Documents, akasahau faili za barua pepe, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na folda ya programu ya uhasibu iliyokaa kwenye diski C bila mtu kujua. Kaa na kila mtumiaji dakika kumi, mwonyeshe skrini yake, aseme mwenyewe. Nakili kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili matatu manne kutoka kwenye nakala hiyo ukitumia kompyuta nyingine. Chelezo ambalo halijawahi kufunguliwa silihesabu. Na kwa kuwa humo mna taarifa za wanachama, kwa Tanzania unabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski hiyo ya nje isilale kwenye droo isiyofungwa.

Ukianza kujaribu utakutana na makosa, na mengi yanajieleza. PXE-E61 ni waya. PXE-E51, au PXE-E16 kwenye mashine za UEFI, ina maana hakuna aliyeitikia hodi. Hapo angalia kama huduma inaendeshwa. Na kama swichi yenu ni ya kusimamiwa, tundu lake linaweza kukaa kimya sekunde 30 likijihakikishia kwamba hakuna mzunguko wa waya, PXE ikakata tamaa kabla. PXE-E53 ni kwamba anwani imetoka lakini jina la faili halikutajwa. PXE-E32 ni kwamba faili limetajwa ila haliji, na mara nyingi ni ukuta wa moto (firewall) wa seva unaziba mlango wa UDP 69. Faili likija na kompyuta ikagoma kuendelea, umeipa la aina nyingine: za BIOS hupewa undionly.kpxe, za UEFI hupewa ipxe.efi, na Secure Boot mara nyingi itabidi izimwe kwa muda wa kufunga. Andika kwenye daftari lako kila uliyoizima, uiwashe tena.

Yapo mambo ya kutofanya peke yako. Swichi zikiwa na VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi ile ile, zilizopangwa na kampuni nyingine, mwite aliyezipanga. Kama kompyuta zenu zinaingia kwa akaunti za domeini, yaani zinazosimamiwa na seva moja ya ofisi, mtafute mtu aliyewahi kuisimamia akae nawe siku ya kwanza. Kompyuta yenye kanzidata ya mfumo wa mikopo isiguswe mpaka mwenye mfumo awepo ofisini, mwili na roho, na ashuhudie nakala yake ikifunguka. Na ukisikia diski inagonga, au kunakili kunakwama mahali pale pale, izime na uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data kabla hujajaribu kitu kingine.

Kwa meneja, peleka karatasi moja: kilichosababisha Ijumaa, picha ya ule mstari wa DHCP Server, na ombi la chumba cha mikutano Jumamosi moja kwa kompyuta mbili zisizo na mtumiaji. Mwalike aje aangalie ule waya ambao haujachomekwa.